Sifuri ya Pili

Tangu nirudi Ifakara baada ya kustaafu, watu wa mtaa wetu wa Lumemo wananiuliza swali lile lile: huko Urusi ulikokaa miaka yote ulikuwa unafanya kazi gani? Nikisema nilikuwa fundi wa vipimo, wanataka kujua nilikuwa napima nini. Nikisema nilikuwa napima nguvu za injini za umeme zinazosukuma satelaiti angani, wananitazama kwa heshima. Halafu naharibu mwenyewe kwa kuwaambia ukweli, kwamba injini yenyewe inasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kijiko cha chai cha mchele. Jirani yangu mmoja alicheka mpaka akashika kiuno. "Yaani Beni," akasema, "umeenda kote huko kupima kijiko cha mchele, na mchele wenyewe umeuacha hapa?"

Nyinyi vijana mnaoanza kazi za maabara, mlioniomba niandike, nadhani mnataka kitu kirefu zaidi ya hicho. Nitaandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha, kwa sababu hazina utamu na mtazijua wenyewe mapema mno. Nataka kusema juu ya chumba kimoja, mzee mmoja, na shangazi yangu Fotunata ambaye hakuwahi kuiona injini hata moja.

Kwanza muielewe kazi. Injini ya umeme ya satelaiti haina moshi wala mlio. Inapewa gesi kidogo sana, umeme unaichambua ile gesi na kuirusha nyuma kwa kasi kubwa, na chombo kinasogea mbele. Huku chini haiwezi kusukuma hata kikombe cha chai juu ya meza. Kule juu, ambako hakuna hewa ya kuizuia, inasukuma taratibu kwa miezi na miezi, na chombo kizito kinatii. Ndiyo maana anayeinunua anataka kujua kwa uhakika inasukuma kiasi gani. Zikipungua punje chache kwenye kile kijiko, hesabu ya safari nzima inabadilika, na huko juu hakuna namna ya kumtuma fundi.

Nilifika kwenye chumba hicho mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo hukohuko Urusi, nchi iliyonisomesha ilikuwa imebadilika jina, na mimi sikuwa na pa kwenda. Karakana ilikuwa ndogo, ya watu wanaojuana, na mkuu wake alikuwa Arkadi, mhandisi mfupi mwenye masharubu mazito ambaye alizibuni zile injini kwa mkono wake. Nilivaa tai. Aliitazama tai yangu, akaniambia nikasimame kwenye kona, mbali na tangi, nisiguse kitu. Nikasimama. Katikati ya chumba kulikuwa na tangi la chuma kubwa kama kontena, lililonyonywa hewa yote, na pembeni yake mashine yenye kalamu iliyokuwa ikichora mstari mnyoofu kwenye karatasi inayotembea.

"Sasa egemea mguu mwingine," akasema.

Nikahamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kalamu ikachora kilima.

"Umekiona? Hicho ni wewe," akasema. "Kazi yako ya kwanza ni kujifunza kusimama."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndani ya tangi injini ilikuwa imefungwa kwenye bembea, na bembea ile ilikuwa nyepesi kiasi kwamba sakafu ikilemewa upande mmoja, yenyewe inajua. Lori likipita barabarani, kilima. Mtu akibamiza mlango wa ofisi ya juu, kilima kingine, na Arkadi akipanda ngazi kwenda kumtafuta huyo mtu. Nilikaa pale muda mrefu kabla sijaruhusiwa kugusa chochote chenye waya, na tai sikuivaa tena.

Namna ya kupima ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Injini ikiwa imezimwa, bembea imetulia, kalamu inachora mstari: hiyo ni sifuri. Ukiiwasha, bembea inasogea kidogo kuliko unene wa unywele, na mstari unapanda. Kimo cha kupanda ndicho msukumo. Ili ujue kimo hicho ni sawa na uzito gani, unakuwa na mawe ya mizani, ila ya kwetu yalikuwa vipande vya waya wa shaba ambavyo Arkadi alivikata mwenyewe na kuvitundika kwenye uzi, vikishushwa kimoja kimoja ndani ya tangi kwa mota ndogo. Hatukuvishika kwa vidole hata siku moja, maana mafuta ya ngozi nayo yana uzito. Tulitumia koleo ndogo, na koleo ile ilikuwa na ndoo yake ya sabuni, kitambaa chake na msumari wake ukutani. Kila asubuhi nilishusha vile vipande, nikavipandisha, na Arkadi alikuwa na neno moja: "Mstari usiporudi ulikotoka, usiniletee namba. Niletee sababu."

Adui yetu mkubwa alikuwa joto. Injini ikiwaka saa kadhaa, bembea inatanuka, nyaya zinabadilika ukakamavu, na sifuri inahama polepole bila kuaga. Ukiendelea kuhesabu kutoka sifuri ya asubuhi, unapima msukumo pamoja na joto na kuviita vyote msukumo. Dawa ipo na kila maabara inaijua. Unazima injini ikiwa bado ya moto. Msukumo unakufa papo hapo, joto linabaki, na pale mstari unapoangukia ndipo ilipo sifuri ya kweli. Hiyo ndiyo sifuri ya pili. Lakini kuzima injini katikati ya jaribio ni usumbufu, kwa hiyo wengi, na sisi tukiwa miongoni mwao, tulikadiria joto kwa hesabu tukaendelea na kazi.

Kufikia katikati ya miaka ile hali ilikuwa mbaya. Serikali haikuagiza tena injini. Majira ya baridi tulifanya kazi na makoti, na saa za chakula watu walimenya viazi vya shambani kwao juu ya meza za michoro. Kisha wakaja wageni kutoka Ulaya Magharibi, wakasema wanatafuta injini ya satelaiti yao, wakataja msukumo wanaoutaka, na kuahidi kurudi mwaka unaofuata kuishuhudia kwa macho yao. Kila mtu pale alilielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Injini ikifikia kile kipimo, karakana itaishi. Isipofikia, itafungwa, na Arkadi, aliyekuwa ameitumikia tangu ujana wake, atakwenda nyumbani kutazama dirisha.

Presha yake ikapanda. Daktari akamwambia apumzike, naye akamjibu kwamba hajui jinsi inavyofanywa. Likizo yangu ilikuwa imekaribia, nikamwambia twende kwetu, huko watu wanajua. Aliuza gari lake, ambalo hata hivyo lilikuwa halitembei, akanunua tiketi.

Tulishuka kwenye treni wakati wa mavuno. Shangazi Fotunata ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, na miaka hiyo alikuwa mpimaji kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Tulimkuta kazini, kanga kiunoni, vumbi la pumba hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Na huyu baba ndiye nani?"

Nilikuwa nimemfundisha Arkadi neno moja njiani, na akalitumia vizuri: alimpa Shangazi shikamoo, kisha akampa mwenye mashine, kisha akawapa wabeba magunia mmoja mmoja, vijana wa kuweza kuwa wajukuu zake. Wao hawakumsahihisha. Waliitikia marahaba kwa sauti nzito na kujiona wakubwa, na hadi tunaondoka Ifakara hakuna aliyekubali nimweleze.

Alipewa stuli karibu na mizani, kwenye kivuli cha bati, na hapo ndipo alipopumzikia likizo yake yote. Niliwahi kumpendekezea twende tukaone kivuko cha mto. Akasema yuko salama hapo alipo.

Mizani ya Shangazi ilikuwa ya springi, ya kuning'inia, yenye mshale na ndoano. Kulikuwa na desturi kwenye mizani ile ambayo mimi niliikua nayo hadi nikaacha kuiona. Gunia likitundikwa, Shangazi anautazama mshale, muuzaji anautazama, mnunuzi anautazama, na hakuna anayesema namba. Gunia linashushwa. Ndoano inabaki tupu, inabembea, inatulia. Wote watatu wanautazama mshale tena pale uliposimama. Ndipo Shangazi anasema namba, na ikishasemwa hairudi. Aliyewahi kuropoka kabla ya hapo gunia lake lilipelekwa mwisho wa foleni.

Siku moja alikuja baba mmoja kutoka Idete, magunia mawili kwenye baiskeli, ana haraka ya kurudi kabla jua halijawa kali. Gunia la kwanza likapanda, likashushwa. Ndoano ikawa inabembea.

"Mama, sema basi, nina safari," akasema.

"Ndoano haijatulia."

"Si umeshaona mwenyewe?"

"Nimeona gunia. Ndoano bado."

Ndoano ikatulia, na mshale ukasimama juu kidogo ya sifuri. Springi ilikuwa imelegea kwa jua la mchana uliotangulia na uzito wa magunia ya tangu alfajiri. Shangazi akapunguza ile tofauti, akasema namba, na yule baba akaguna lakini akatundika gunia lake la pili.

Arkadi akanivuta mkono. Alitaka nimuulize kwa nini asiseme tu namba ya kwanza kisha aipunguze baadaye, maana hesabu ni ile ile. Nikamtafsiria Shangazi. Alikuwa anafunga gunia, hakuinua kichwa.

"Mwambie nikishaitamka, imekuwa ya mwenye gunia. Anayeipunguza baada ya hapo anaonekana mwizi, hata kama ni malaika. Kwa hiyo watu watanyamaza, wataiacha hivyo hivyo. Bora isisemwe mpaka ibaki ndoano tupu."

Nikatafsiri. Arkadi akaniomba nimfundishe maneno mawili ya mwisho kwa Kiswahili. Akayarudia hadi Shangazi akaridhika. Presha yake ilishuka, na naamini wali wa samaki ulisaidia.

Wageni walirudi kama walivyoahidi. Aliyewaongoza alikuwa mhandisi mmoja mrefu aitwaye Bi. Marta, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Sisi tulikuwa na tatizo letu. Injini za aina hii zinawashwa na kijibomba kinachoitwa kathodi, ambacho kwetu kilikuwa kama kiberiti, na cha pekee tulichokuwa nacho kilikuwa kimechakaa. Siku za karibuni kilikuwa kinawaka kwa kubembelezwa. Wageni walielezwa hivyo bila kufichwa. Mpango ukawa kuiwasha injini asubuhi, kuiacha iwake hadi wageni waridhike, na joto tutalikadiria kwa hesabu kama kawaida.

Iliwaka. Kupitia kidirisha cha tangi ilionekana ile rangi yake ya samawati ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho, na sijui kitu kizuri zaidi kilichotengenezwa na mikono ya watu. Kwenye karatasi Arkadi alikuwa amechora kwa penseli alama ya msukumo unaotakiwa. Mstari ukapanda, ukaifikia alama, na kadiri saa zilivyokwenda ukaipita kwa nafasi nzuri. Mlangoni walikuwa wamejazana watu wa karakana nzima, akiwemo Galina, mchomeleaji wetu, mama mwenye watoto watatu, na nyuso zao zilikuwa zimeanza kulegea kwa mara ya kwanza katika mwaka ule.

Bi. Marta akafungua kalamu yake. "Kwa hiyo tuandike ngapi?"

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine. Namba nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama Arkadi anipe ishara niiseme, nikaona anautazama ule mstari kama alivyokuwa anautazama mshale wa Shangazi. Mstari ulikuwa bado unapanda, kidogo sana, wakati injini tangu asubuhi haikuongezewa gesi wala umeme.

"Beni," akasema, tena kwa Kiswahili. "Ndoano tupu."

Hakuna mwingine aliyeelewa. Nikamjibu kwa Kirusi, polepole, kwamba ikizimwa huenda isiwake tena.

"Najua," akasema.

Nikashika swichi. Nikazima. Rangi ya samawati ikatoweka kwenye kidirisha, mstari ukaanguka, ukabembea, ukatulia juu ya pale ulipoanzia asubuhi. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko hesabu zetu zote za joto zilivyokuwa zikikadiria. Nikachukua rula, nikapima kutoka sifuri ile ya pili. Msukumo wa kweli ulikuwa chini ya alama ya penseli kwa punje chache. Arkadi akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaisoma ile namba kwa sauti, mwenyewe, akiwa amemgeukia Bi. Marta.

Tulijaribu kuiwasha tena. Kathodi ikatoa cheche, ikatoa nyingine, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Bi. Marta aliandika alichoandika, akaomba wapewe ile injini wakaipime kwao kwa kathodi yao, akatushika mikono sote na kuondoka na watu wake. Pale mlangoni watu walitawanyika.

Galina ndiye aliyebaki. "Ungesubiri waondoke, ndipo uzime," akamwambia Arkadi. "Ungejua ukweli wako peke yako, na sisi tungekuwa na kazi."

"Wangeondoka na namba iliyokwisha kusemwa," Arkadi akasema. "Nani angerudi kuipunguza? Wewe? Mimi?"

Galina akaondoka, na kwa miezi iliyofuata hakutusalimia. Sikumlaumu. Usiku nilimuwaza yule mzee na nikajiuliza kama nilifanya vema kumleta Ifakara.

Majira ya baridi yote tulikaa hivyo. Wengine walianza kutafuta vibarua sokoni. Arkadi alikuja kila asubuhi, akavaa koti juu ya koti, akanifundisha kukata vipande vipya vya waya kana kwamba kuna injini inayovisubiri. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Bi. Marta alirudi, safari hii peke yake. Alieleza kwamba walipima injini za karakana kadhaa kwenye tangi lao, na kila moja ilibidi waishushe chini ya namba waliyopewa. Ya kwetu namba ilikuja ile ile tuliyowapa. Kuhusu zile punje zilizopungua, watu wake walikuwa wamepiga hesabu upya: satelaiti itasukumwa muda mrefu zaidi kila siku, basi. "Punje zinazokosekana naweza kuzipangia," akasema. "Nisizozijua ndizo zinazoniangusha."

Bi. Marta alituachia oda, na Galina ndiye aliyechomelea injini ya kwanza. Alipoileta kwenye chumba cha tangi alitusalimia kama vile tuliachana jana.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani peke yangu. Shangazi alikuwa bado kwenye mizani, ila mwenye mashine alikuwa amemnunulia mpya.

"Mwenzako yule wa shikamoo hajambo?"

Nikakaa kwenye stuli ile ile, nikamsimulia yote: wageni, kiberiti kibovu, alama ya penseli, watu mlangoni, na mzee alivyosema maneno yake mawili mbele ya watu wasioyaelewa. Nilimweleza kwamba kazi za watu wote wale zilikuwa zinaning'inia pale. Alisikiliza hadi mwisho huku akipepeta mchele kwenye ungo. Nilitegemea ataniuliza juu ya satelaiti.

"Na alisubiri itulie?" akauliza.

"Alisubiri."

"Basi alipima," akasema. Akaingia ndani, akatoka na ndoano ya ile mizani yake ya zamani, akaifuta kwa kanga na kunipa nimpelekee.

Arkadi aliitundika juu ya mlango wa chumba cha tangi, kwa kipande cha ule waya wake wa shaba. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema namba katika chumba kile kabla injini haijazimwa ikiwa ya moto na mstari haujatulia. Wageni walidhani ni mila ya Kirusi. Arkadi aliwaambia wote waliomuuliza kwamba ni ya Ifakara, na walipouliza Ifakara ni maabara gani, alisema ni kubwa, iko chini ya bati.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki, kila mmoja kwao, na hawakuonana tena. Nawashukuru. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu sikusema vya kutosha walipokuwa hai. Mmoja alinifundisha kusimama, mwingine kunyamaza, na kwa mambo hayo mawili nimefanya kazi ya maisha yangu yote na nimeipenda.

Siku yangu ya mwisho vijana wa karakana walinifanyia sherehe ndogo kwenye chumba cha tangi. Kulikuwa na keki, na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nilipokishika tu nilijua kwa uzito wake. Walikuwa wameishusha ndoano ya Shangazi kutoka mlangoni, wakaing'arisha, nirudi nayo nyumbani.

Niliigeuza mkononi mara moja. Kisha nikawaambia wairudishe. Nikawaambia haijabeba kitu tangu ilipofika pale, na hiyo ndiyo kazi yake. Kijana mmoja akaleta ngazi, akapanda, akaitundika kwenye waya wake. Ikawa inabembea. Tukasimama chini yake sote, keki mikononi, na hakuna aliyesema neno mpaka ilipotulia.